Mita Mbili Zinazoongezwa na Hewa

Mpima ardhi anaposimika kipokezi cha setilaiti kwenye mpaka wa kiwanja Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, hunasa mawimbi yaliyotoka umbali wa zaidi ya kilomita 20,000. Karibu safari yote hiyo hupita patupu. Hitilafu inayowasumbua wapimaji hutokea mwishoni, wimbi linapoingia kwenye hewa na kupunguza mwendo. Kipokezi hupima umbali kwa kuhesabu muda. Wimbi likichelewa, kinadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Hali hiyo huitwa ucheleweshaji wa troposfia, na hupimwa kwa mita.

Jina hilo lina walakini. Troposfia huishia kati ya kilomita 8 na 18 kutoka ardhini, ilhali hewa ya stratosfia iliyo juu yake huchelewesha wimbi pia. Mpaka wenye maana kwa mpimaji ni ule unaotenga hewa isiyo na chaji ya umeme na ayonosfia. Ayonosfia huchelewesha kila masafa kwa kiasi chake, hivyo kipokezi cha masafa mawili huyalinganisha na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Kwa hewa iliyo chini yake ujanja huo haufui dafu, maana masafa yote ya setilaiti hucheleweshwa sawasawa. Kwa hiyo "ucheleweshaji wa angahewa ya chini" ni istilahi sahihi kuliko ile ya mkopo.

Ndani yake mna sehemu mbili. Ya kwanza, ucheleweshaji mkavu, hutokana na uzito wa hewa. Wimbi linaloshuka kutoka utosini hadi usawa wa bahari, tuseme Malindi, huongezewa takriban mita 2.3. Rosettenville iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo nyongeza ni kama mita 1.9. Kanuni aliyoichapisha Jouko Saastamoinen mwaka 1972 hukokotoa kiasi hicho kwa usahihi wa milimita chache, mradi kanieneo ipimwe vizuri.

Ya pili, ucheleweshaji wa mvuke, ni ndogo lakini kaidi. Hupanda na kushuka kati ya sentimita chache na zaidi ya 30. Majira ya baridi kavu ya Johannesburg huishusha. Mawingu ya radi ya alasiri za kiangazi huipandisha kwa muda mfupi.

Setilaiti ikiwa nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, wimbi hupita kwenye hewa nyingi zaidi na ucheleweshaji huwa takriban mara 10 ya ule wa utosini. Hesabu inayobadilisha kipimo cha utosini kuwa cha mshazari yaweza kuitwa "kizidisho cha mwinamo".

Afrika Kusini ina TrigNet, mtandao wa vituo vya kudumu vinavyowapa wapimaji masahihisho. Kituo kikiwa karibu, kosa lake na la mpimaji hufanana, hivyo hufutana. Kikiwa Pretoria, chini ya Rosettenville kwa kama mita 400, ucheleweshaji mkavu pekee hutofautiana kwa takriban sentimita 9. Programu isiyozingatia mwinuko itahamishia kosa hilo kwenye vipimo vya kiwanja, hasa vya kimo.

Watabiri wa hali ya hewa nao huitumia sehemu ya mvuke: takriban kila sentimita 6.5 za ucheleweshaji huashiria sentimita moja ya maji yaliyo angani.