Nguvu na Ugumu

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka Marekani mwaka 1974, kila mhusika ana sifa sita zinazoandikwa kwa tarakimu. Mbili zinahusu misuli na ustahimilivu: strength na constitution. Ya kwanza ni nguvu, haina taabu. Ya pili huwapotosha wafasiri. Kamusi humpa mtu “katiba”, naye akiikwepa huangukia “afya”. Napendekeza ugumu, na sababu yangu iko Moshi.

Wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, nao hupimwa getini kabla ya safari. Mchukuzi wa sokoni hunyanyua gunia lenye uzito maradufu ya huo, akalitua baada ya hatua chache. Mgumu hupanda na mzigo wake siku baada ya siku, kwenye mvua na baridi ya usiku, hadi kambi kama Barafu iliyo juu ya meta 4,600. Kileleni Uhuru, meta 5,895, kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Huko misuli peke yake haimfikishi mtu. Kitabu cha mchezo cha mwaka 2014 huzidisha nguvu kwa ratili 15 kupata uwezo wa kubeba: mwenye nguvu 10 anabeba kilo 68, mwinuko uwe wowote.

Toleo hilo liligawa sifa kwa kuzaliwa. Nusu-zimwi aliongezewa nguvu 2 na ugumu 1. Jitu la milimani lilipata hivyo hivyo, likahesabiwa kubeba maradufu, tena likazoea mwinuko hata wa zaidi ya meta 6,000, juu kuliko Uhuru. Vibete wote waliongezewa ugumu 2. Hao ningewaita wakonyingo, kwa jina la watu wafupi ambao masimulizi ya Wachagga huwaweka juu mlimani; jina zuri namna hiyo lisiachwe bure.

Kwa binadamu halisi mambo si hivyo. Vijiji vingi vya Uchagani viko chini ya meta 2,000, na ugonjwa wa mwinuko humpata mpagazi kama unavyompata mgeni. Ugumu wake umetokana na kazi. Kwa hiyo nafurahia mabadiliko ya mwaka 2024: nyongeza zimeondolewa kwenye uzawa zikahamishiwa kwenye maisha ya awali ya mhusika, na aliyekuwa mkulima anaweza kuongeza nguvu na ugumu.

Limebaki neno la kutaja zimwi, jitu na mkonyingo kwa pamoja. “Kabila” nalikataa kabisa. Wakoloni Waingereza waliwaandikisha askari wa KAR, jeshi lao la Afrika Mashariki, wakiamini kuna makabila yaliyozaliwa kupigana, na kumpa Mchagga au Mpare tarakimu ya nguvu ni kurudia uongo ule. Nachagua jamii, kama tunavyosema chui ni wa jamii ya paka. Tangu 2024 wenye mchezo wenyewe wanatumia neno la kibiolojia, na wapo watakaoandika spishi. Lakini nusu-zimwi ana mzazi mmoja binadamu, na spishi mbili kwa kawaida hazipati watoto wenye uwezo wa kuzaa. Jamii haina kikwazo hicho.