Tiba saidizi kando ya kitanda cha hospitali

Katika baadhi ya hospitali za Uingereza, wauguzi huongeza kwenye huduma zao za kawaida njia kama vile kukanda mwili, mafuta ya mimea yenye harufu, kubonyeza nyayo, au sindano za Kichina.

Njia hizo huitwa tiba saidizi. Hutofautishwa na tiba mbadala kwa jambo moja tu: tiba saidizi hufuatana na matibabu ya daktari, ilhali tiba mbadala hushika nafasi yake.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwachunguza wagonjwa 281 wa saratani waliochagua tiba mbadala peke yake. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya ile ya wagonjwa waliotibiwa hospitalini.

Mmea wa Birmingham

Ladywood ni eneo lililo magharibi ya kitovu cha jiji la Birmingham, na uhusiano wake na uuguzi ni wa siku nyingi. Hospitali ya watoto ya jiji hilo ilikuwa hapo tangu mwaka 1917 hadi mwaka 1998, ilipohamia Steelhouse Lane, katika jengo la iliyokuwa General Hospital.

Mmoja wa madaktari wa mwanzo wa General Hospital, iliyofunguliwa mwaka 1779, alikuwa William Withering. Miaka michache kabla ya hapo aliombwa maoni kuhusu dawa ya siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba mwili kwa kujaa maji. Dawa hiyo ilikuwa na mitishamba ishirini au zaidi. Withering alitambua kwamba nguvu yote ilitoka katika mmea mmoja, foxglove, wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama kengele.

Aliupima kwa miaka kumi, akaandika matokeo kwa wagonjwa waliopona na waliokufa vilevile, na akachapisha kitabu mwaka 1785. Mmea huo ni sumu, na kipimo kikizidi kidogo huua. Jamii hiyo ya mimea ndiyo iliyozaa digoksini, dawa ya moyo inayotumika hadi leo. Tiba ya kienyeji, basi, iliingia wodini kwa mlango wa kipimo, wala si kwa sifa zake.

Kilichothibitika na kisichothibitika

Kwenye barabara ya Dudley, mpakani mwa Ladywood, jengo la hospitali lililofunguliwa mwaka 1889 lilifuata mpango wa wodi uliopendekezwa na Florence Nightingale: vyumba virefu, madirisha makubwa, hewa na mwanga. Nightingale alishikilia kwamba utulivu, usafi na faraja ni sehemu ya matibabu. Wauguzi wengi wanaotetea tiba saidizi hurejea kwake. Huduma ya dharura ya hospitali hiyo ilihamia Midland Metropolitan University Hospital, Smethwick, mwaka 2024.

Ushahidi wa kisayansi haulingani. Kubonyeza sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, upana wa vidole vitatu chini ya kiganja, kumeonekana kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, ilikubali sindano za Kichina kwa aina fulani za maumivu ya kichwa mwaka 2012. Lakini mwaka 2016 iliziondoa katika mwongozo wa maumivu ya mgongo, ambako ilikuwa imezipendekeza mwaka 2009.

Kukanda mwili na mafuta ya harufu huwatuliza wagonjwa wengi. Hayajathibitika kuponya ugonjwa wowote. Hilo halipunguzi thamani ya faraja kwa mgonjwa asiyepata usingizi, mradi asiambiwe zaidi ya hayo. Hata kukanda kuna masharti: mguu wenye damu iliyoganda haukandwi, na mafuta ya harufu kali yanaweza kumsumbua mgonjwa wa pumu aliye kitanda cha pili.

Swali ambalo haliulizwi

Hatari kubwa zaidi imo katika kile ambacho muuguzi hakioni. St John's wort, mmea wa maua ya manjano unaouzwa madukani kwa watu wenye huzuni, hudhoofisha nguvu ya warfarini, vidonge vya kuzuia mimba, baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na hata digoksini. Serikali ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu mmea huo mwaka 2000.

Kanuni za baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo humtaka muuguzi ahakikishe kwamba tiba anayotoa inapatana na nyingine anazotumia mgonjwa, zikiwemo alizojinunulia. Hawezi kufanya hivyo bila kuuliza, na mgonjwa anayeogopa kukemewa au kuchekwa hatajibu.

Jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wako waliotolewa hospitalini na jamaa zao, na wako walioacha dawa za Ukimwi.

Mkoani Tanga, kinyume chake, waganga wa jadi na wahudumu wa hospitali ya Bombo walishirikiana tangu miaka ya 1990 kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi. Mitishamba ilitumika dhidi ya magonjwa nyemelezi, na waganga walijua ni mgonjwa yupi wa kupelekwa hospitali.