George A. Romero

George Andrew Romero (4 Februari 1940 – 16 Julai 2017) alikuwa mwongozaji wa filamu za kutisha kutoka Marekani. Kazi zake nyingi alizifanyia Pittsburgh na vitongoji vyake, mbali na studio za Hollywood.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Night of the Living Dead (1968), haikuwa ya rangi na iligharimu takriban dola 114,000; damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Mhusika mkuu aliigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, jambo adimu enzi hizo.

Jina la filamu hiyo lilipobadilishwa, tamko la hakimiliki lilisahauliwa. Hivyo filamu ikawa mali ya umma.

Filamu yake nyingine, Dawn of the Dead (1978), ilirekodiwa usiku katika jumba la maduka la Monroeville, wateja wakishaondoka. Romero alifariki Toronto, Kanada.