Hodi kwa Morse

Leo historia kidogo, msikimbie.

Kwetu Wingwi ukipiga hodi mara tatu kimya, unaondoka. Kumbe hata wanaoshindana kwa redio za Morse wana hodi yao! Kabla ya kuita unauliza QRL, yaani "masafa haya yana mtu?" Alama hizo za Q zilikubaliwa kimataifa London mwaka 1912, ili mabaharia wa lugha mbalimbali waelewane. Morse yenyewe ilishafika Unguja tangu 1879, kwa waya wa chini ya bahari kutoka Aden.

Kwenye mashindano adabu ni ufupi. Unataja alama ya kituo chako mara moja tu. Unapewa 5NN, maana yake 599, unasikika safi. N inasimama badala ya 9 kuokoa muda. Unajibu yako, unapisha wengine. Akikuita mtu wa polepole, nawe punguza kasi. Kwenye mashindano ya visiwa Pemba ina namba yake, AF-063, mbali na Unguja. Kituo cha huku kikisikika, wengi huita kwa pamoja. Hapo ndipo adabu inapopimwa: akiitwa mwenzio, wewe nyamaza.

Mwaka 2003 mkutano wa Geneva uliondoa sharti la kimataifa la kufaulu Morse ili kupata leseni. Lakini watu wanaipiga mpaka leo, na hodi wanapiga. Walimu watarajiwa wenzangu, tujiulize: katika tunayofundisha, lipi litabaki mtihani ukiondolewa?

Haya, alamsiki.