Umbo Lisilo Sura

Neno sanamu hudai mwenyewe. Ukisema pale pana sanamu, msikilizaji atauliza: ya nani? Yule askari wa shaba nyeusi aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ana jibu. Kazi za Richard Serra, Mmarekani aliyefariki 2024, hazina. Katika makumbusho ya Guggenheim mjini Bilbao, Hispania, kazi yake iitwayo The Matter of Time, iliyokamilika 2005, ni maumbo manane ya feleji yanayozidi kimo cha mtu maradufu. Hayafanani na kiumbe chochote. Unapita kati ya kuta zinazokulalia, kisha zinakukwepa, na hujui njia itatokea wapi.

Vitabu vya shule vitaiita sanaa dhahania. Neno hili silipendi hapa. Dhahania ni jambo la fikra, lisiloshikika. Mabamba haya, yenye unene wa sentimita 5 hivi, yana uzito wa mamia ya tani. Uchongaji nao haufai, kwani anayechonga hupunguza. Wala ufinyanzi, kwa kuwa bamba halikandwi. Hata kutu inatutatiza. Sisi husema chuma kimeliwa na kutu, ilhali feleji ya Serra imechanganywa na madini kama shaba na kromu ili kutu ya juu iwe ngozi ya kuikinga ile ya ndani. Chuma hiki hakiliwi na kutu. Kimeivaa.

Serra mwenyewe alianzia kwenye vitenzi. Mwaka 1967 na 1968 aliandika kwa penseli orodha ndefu ya matendo anayoweza kuyatenda juu ya malighafi: kuviringisha, kukunja, na mengine mengi. Hapo ndipo Kiswahili kinapompokea kama mwenyeji, maana utajiri wetu umo katika mnyambuliko. Mwaka 1969 alisimamisha mabamba manne ya risasi bila kuyaunga wala kuyachomelea. Kila moja linazuiwa na mwenziwe lisianguke. Lugha nyingine itahitaji sentensi nzima. Sisi twasema yameegemeana, basi. Na zile duaradufu zake mashuhuri, ambazo ukingo wa juu umegeuzwa pembeni ukilinganishwa na ule wa chini hata ukuta mzima ukapinda, zimepopotolewa. Kitenzi hicho kina nguvu ya mkono ndani yake.

Wamakonde walishatuonyesha njia. Walipoanza kuchonga mipingo isiyo na sura ya mtu wala shetani, mtindo huo ukaitwa mawingu. Neno la kila siku, na kila mtu huelewa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni umbo, neno lililozaliwa na kitenzi umba, halafu tendo lilifuate: umbo la kuegemeana, umbo la kupopotoka. Sanamu ibaki na wenye sura. Nanyi watunga istilahi, kabla hamjafungua kamusi za kigeni, nendeni kwanza Gerezani, Dar es Salaam, na kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi. Waulizeni wanaokunja bati na kuchomelea vyuma kutwa nzima wanayaitaje wanayoyafanya, kisha mwandike.