Herufi Tano kwa Irabu Saba: Alfabeti na Mtoto wa Umatengo

Kumfundisha mtoto herufi huchukuliwa mara nyingi kuwa ni kazi ya macho: alione umbo, alikariri, kisha alitambue popote atakapolikuta. Historia ya elimu katika Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa yaonyesha kuwa kazi hiyo huanzia masikioni.

Alfabeti ya Kirumi iliingia eneo hilo kwa njia mbili. Upande wa ziwa ililetwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambao tangu mwaka 1885 walikuwa na makao kisiwani Likoma na kukitumia Kinyanja. Upande wa nchi kavu ililetwa na Wabenediktini, walioanzisha misheni za Peramiho (1898) na Kigonsera (1899), wakati ambapo serikali ya Kijerumani ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule na utawala. Hivyo basi, kwa njia zote mbili, herufi zilimfikia Mmatengo zikiwa zimeandamana na lugha isiyo yake.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiunguja kina irabu tano, na kila irabu ina herufi yake. Ndiyo maana mfululizo wa *ba, be, bi, bo, bu* humwezesha mtoto kusoma maneno mazima baada ya muda mfupi. Kimatengo, kwa upande wake, kina irabu saba. Mahali ambapo Kiswahili kina *e* moja, Kimatengo hutofautisha sauti mbili. Na ndivyo ilivyo kwa *o*. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Kimatengo huko Ukata, wilayani Mbinga, huja darasani na sauti nne, akaonyeshwa ubaoni herufi mbili tu. Mwalimu asiyelijua jambo hilo huweza kumhesabu kuwa mzito wa kuelewa, ilhali sikio lake ndilo linalopambanua zaidi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kilienezwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Faida yake haina budi kukiriwa: Mmatengo, Mmanda na Mnyanja walisoma kitabu kimoja. Hata hivyo, lugha za jamii zilipobaki nje ya darasa, maarifa kuhusu sauti anazokuja nazo mtoto yalibaki nje pia. Mtaala wa mwaka 2015 uliirudisha mikazo ya darasa la I na la II kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini swali la sauti hizo halikwisha.

Jibu lake halidai alfabeti mpya. Lamtaka mwalimu aitamkishe herufi ndani ya neno linalofahamika, kama *embe* au *moto*, kabla ya kuitaja kwa jina. Tena amsikilize mtoto anavyotamka kabla ya kumsahihisha.