Protini-prioni: Mshika Shaba wa Seli za Neva

Mwaka 1982 Stanley Prusiner alibuni jina la prioni, yaani protini inayoambukiza, kwa kuunganisha dhana mbili, protini na maambukizi, alipokuwa akichunguza skrepi, ugonjwa unaoharibu ubongo wa kondoo. Baadaye ilibainika kwamba protini hiyohiyo, ikiwa imejikunja ipasavyo, imo katika ubongo wa kila mtu mwenye afya. Umbo la ugonjwa na umbo la uzima yakiitwa prioni yote mawili, msomaji ataogopa sehemu ya mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo nashauri prioni libaki jina la umbo linaloambukiza, na umbo la kawaida tuliite protini-prioni. Wapo watakaosema kwamba hata hivyo jina la ugonjwa limebaki. Ni kweli, lakini jeni ya protini hii inaitwa PRNP duniani kote, jina linalotokana na prioni, na jina jipya kabisa lingemkatia mwanafunzi njia ya kufika kwenye maandishi ya wengine.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye kitenzi cha kueleza kazi ya protini hii. Protini-prioni imejishikiza kwenye uso wa seli ya neva, na ina sehemu ya asidi amino nane inayojirudia mara nne, kila rudio likiwa na asidi amino iitwayo histidini, inayonasa ioni za shaba. Shaba ikiwa haba, histidini hizo hushirikiana kushika ioni moja. Ikizidi, kila rudio hushika yake. Je, tuseme protini hii husafirisha shaba? Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba shaba huifanya iingie ndani ya seli, na hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka kitenzi hicho. Lakini protini kuingia si ushahidi kwamba shaba imefikishwa inakohitajika. Mwaka 1997 iliripotiwa kwamba panya wasio na protini hii wana shaba pungufu sana katika utando wa seli za ubongo. Mwaka 2000 watafiti wengine walipima tena, wakakuta kiasi cha shaba ubongoni hakitofautiani. Msafirishaji akiondolewa, mzigo hupungua. Hapa haukupungua.

Ndiyo maana nachagua kushika na kudhibiti. Seli za neva humwaga shaba kwenye sinapsi, yaani maungio yao, na shaba iliyo huru huweza kuzalisha kemikali haribifu. Protini inayoinasa papo hapo, kwa kadiri ya wingi wake, inastahili kuitwa mshika shaba.